Malalamiko Kuhusu Kalamu, Benchi na Kitasa cha Kliniki Yenu

Zablon Chidosa,
Soko la Majengo,
Dodoma.
9 Julai

Kwa Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya

YAH: KUHATARISHIWA MAISHA NA VIFAA VYA KITUO

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Natumaini u mzima, ingawa kwa vitasa nilivyoviona katika jengo lako sina hakika.

Mimi ni muuza karanga na ulezi hapa Majengo, mume wa Hilda. Mwezi wa pili mwaka huu Hilda alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi. Mimi nimepimwa mara tatu, sina. Yeye akaanzishiwa dawa za kufubaza virusi, mimi nikapewa dawa kinga, kidonge kimoja kwa siku, nami nakimeza kila asubuhi bila kukosa. Hapo sina neno. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kalamu. Meza yenu ya mapokezi ina kalamu moja iliyofungwa kamba kama mbuzi wa sadaka, na kila anayekuja kliniki anaishika. Nilipoomba ifutwe kwa spiriti kabla ya zamu yangu, Sista Rukaya alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto, kwamba virusi hivyo havikai kwenye kalamu, wala benchi, wala kikombe, wala choo; kwamba njia zake ni ngono isiyo na kinga, damu, na mama kumwambukiza mtoto wake; na kwamba kidonge ninachomeza ndicho kinga yangu, si spiriti. Sista huyu amesoma miaka mitatu kwa kodi zetu, na hayo ndiyo aliyorudi nayo. Mimi sikusoma kiasi hicho, ndiyo maana bado nina tahadhari.

2. Benchi. Safari iliyofuata nilikuja na kiroba kipya nikakitandika ili nikikalie. Bibi mmoja kutoka kijiji cha Busi alinishukuru kwa ukarimu, akakikalia yeye. Nilimwamkia, maana heshima ni heshima, kisha nikasimama saa tatu nzima. Watumishi wako walinipita mara saba. Hakuna aliyefikiri kunitafutia kiti cha peke yangu.

3. Kitasa. Mlango wa chumba cha dawa niliufungua kwa mguu, kama mtu yeyote mwenye akili. Mfamasia akadai nimempigia mlango teke, akataka niombe radhi mbele ya foleni. Niliomba, lakini kwa mdomo tu. Mkono sikumpa.

4. Hili la nne lilitokea sokoni, lakini chanzo ni ninyi, kwa kuwa mngefuta kalamu yenu mimi nisingefika huko. Jirani yangu wa kibanda ni Amiri, muuza mchele. Tumepimia kopo moja miaka minane. Mwezi uliopita nilianza kulisugua kwa spiriti kila lilipotoka kwake. Mteja wake akarudisha mchele akisema unanuka sindano. Amiri akaniuliza kulikoni, nami kwa nia njema nikamwonyesha kichupa changu cha vidonge, nikamweleza kwamba mtu aliye kwenye dawa kinga hawezi kushika ovyo vitu vya watu. Alikitazama kile kichupa, akaondoka na kopo lake.

Kufika kesho yake adhuhuri soko zima lilikuwa na habari kwamba Zablon anatumia dawa. Kuhusu neno "kinga", hakuna aliyelibeba; nadhani lilikuwa zito. Mama wa chai sasa ananimiminia kwenye kikombe cha kutupa. Wateja wanapokea chenji kwa ncha za vidole. Karanga zangu, ambazo Mungu mwenyewe amezifunga kwenye maganda, watu wanazipita kama zimekufa. Na Amiri, mtu niliyemsimamia harusi ya binti yake, juzi aliosha kwa sabuni ya unga kigoda nilichokuwa nimekikalia, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia kwamba mimi sina kitu, najikinga tu. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Na mimi najikinga tu, Zablon."

Ujinga wa namna hii, Ndugu Mganga Mfawidhi, sijawahi kuuona.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kila mteja apewe kalamu yake. Vitasa vyote ving'olewe. Mapazia pia yasiwekwe, maana nayo hushikwa. Kituo kiniandikie cheti chenye mhuri, kibandikwe kwenye lango la soko, kieleze kwamba Zablon Chidosa hana virusi na vigoda vyake ni salama. Mhuri ufutwe kwanza. Na mwisho, wote wanaotumia dawa za kufubaza virusi watengewe vyombo vyao vyenye alama nyekundu, migahawani, misibani na majumbani, bila kuangalia nani ni ndugu wa nani.

Wasalimie watumishi wote, mlinzi wa getini, na hata Sista Rukaya, ila kwa mbali.

Ndimi mwangalifu wenu,
Zablon Chidosa

Baada ya sahihi: Jana niliiacha barua hii mezani, Hilda akaisoma yote. Leo mchana alipika ugali na mlenda, akaniletea mimi mezani, yeye akachukua bakuli alilolipaka rangi ya kucha, nyekundu, akaenda kula jikoni peke yake. Tangu tuoane, miaka kumi na tisa, tunakula sahani moja, na miezi hii mitano yote tumekula sahani moja. Sijawahi kuifuta kwa spiriti. Hata kunijia akilini haikunijia. Nikamfuata jikoni, nikamwambia arudi mezani, kwamba virusi havikai kwenye sahani, wala bakuli, wala kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo kayaandike kwenye barua yako."

Nimeyaandika. Tafadhali mtume Sista Rukaya aje nyumbani leo hii amweleze, maana mimi haniamini tena.