Mikono Yangu Juu ya Piano Inayojipiga

Jumatatu, 3 Machi
Piano imefika! Ile inayojipiga yenyewe; vitufe vinapanda na kushuka bila mtu. Ameituma binti yangu aliye ng'ambo, eti nyumba yangu imekuwa kimya mno. Kimya kipi? Friji inanguruma kutwa kucha.

Jirani Tai (simwiti hivyo usoni, havui tai hata akienda kutupa takataka) alichungulia na kuuliza kama najua kupiga. Nikasema tangu utotoni. Uongo ulinitoka wenyewe. Mshonaji wa ghorofa ya chini, mjane mwenye kicheko laini, alikuwa akipita ngazini. Akasema angependa kunisikia siku moja. Nikamwambia Jumamosi. Tai naye akajialika!

Jumanne, 4 Machi
Mpango ni huu. Marehemu mke wangu alikuwa akipiga kinanda cha umeme kila Jumapili, na kinanda kilirekodi kwenye disketi kila kitufe alichobonyeza. Ninazo tele kwenye boksi la viatu. Nitahamishia muziki wake kwenye piano, niketi, nichezeshe mikono juu ya vitufe. Nani atajua? Boksi lenyewe sijalifungua tangu tumzike.

Jumatano, 5 Machi
Kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuchomeka disketi! Fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye miwani, alipoziona aliwaita wenzake waje kutazama. Akatafuta mashine kuukuu stoo, akahamisha kila kitu kwenye flashi. Alinisihi nisikilize zote kabla ya kuwaita watu. Nikamjibu asiniletee habari za kitoto.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kinanda kile kilikuwa kikiweka ngoma za kusindikiza. Piano haina ngoma, basi kila mdundo imeuhamishia kwenye vitufe vya sauti nzito. Gudu-gudu-gudu! Mke wangu hasikiki kabisa. Tai akabisha hodi kuuliza kama nabomoa ukuta. Nikamwambia ni muziki wa kisasa, hawezi kuuelewa.

Nikarudi kwa fundi nimenywea. Akafuta ngoma, akabakiza vidole vya mke wangu peke yake. Akarudia kunisihi.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi ya mikono, mbele ya kioo. Wimbo wa kesho nimesikiliza mwanzo tu. Ulipofika pale alipozoea kuimba kwa sauti ya chini huku akipiga, nikazima. Sikuweza. Jioni nilijikuta nimemimina chai vikombe viwili, kwa mazoea. Nikanywa vyote.

Jumamosi, 8 Machi
Walikuja. Mshonaji kwenye kochi, Tai kwenye kiti changu kizuri, bila kukaribishwa. Nikainama, nikawasha kwa siri. Mwanzo mzuri ajabu! Mshonaji akafumba macho. Katikati ya wimbo piano ikanyamaza. Mikono yangu ikaendelea!

Nilisahau. Mke wangu akikosea husimama, huvuta pumzi, kisha hurudia. Nikaficha mikono mapajani, natamani ardhi inimeze. Piano ikaanza tena, yenyewe, mbele ya macho yao. Tai alicheka mpaka akakohoa. Mshonaji hakucheka.

"Anayepiga ni nani?" akauliza.

"Mke wangu."

Akamwambia Tai anyamaze. Tukasikiliza mpaka mwisho. Walipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya sebule, sijui niende chumba gani. Nilimlilia mke wangu kuliko siku ya mazishi.

Jumapili, 9 Machi
Mshonaji amenisimamisha ngazini. Anaomba kuja tena Jumamosi kusikiliza wimbo mwingine, ila safari hii niketi naye kwenye kochi. Kwa furaha, nusura nianguke ngazini.

Lakini nimetafakari. Kwenye kochi? Ananionea huruma tu. Nimeshinda kwenye piano mchana kutwa, na wimbo huo mwingine nimeusikiliza wote, mara nyingi. Nimekariri kila mahali mke wangu anapokosea na jinsi anavyovuta pumzi. Jumamosi nitaketi pale pale, mikono juu. Akisimama, nasimama. Akikosea, tunakosea wote wawili. Mshonaji anajua anayepiga ni nani, lakini safari hii macho yake hayatagundua kitu!