Mzimu Wasaini Kitabu cha Wageni

Wananchi wote wanatangaziwa kwa furaha kwamba Kamati ya Kuboresha Hofu, yenye wajumbe saba na chupa mbili za chai, imeanza kazi rasmi jijini Mbeya.

Kazi ya kwanza ilikuwa filamu ya kutisha ya Eveline Kalinga, mwanachuo wa mwaka wa mwisho kutoka Igowole. Alileta dakika mbili za mwanzo: ofisi yenye giza, mlango unalia, mzimu unaingia. Bila muhuri wa kamati asingehitimu, na mama yake alikwisha kushona nguo ya mahafali.

Mjumbe mmoja alisema giza linachafua sura ya mkoa, taa iwashwe. Mwingine akataka bawaba zitiwe mafuta, kwani mlango unaolia ni uzembe wa matengenezo. Wa tatu alikuwa amesinzia, na maoni yake yakaandikwa pia. Lakini Mwenyekiti, Bwana Sosthenes, ambaye siku nyingine ni mkuu wa ofisi ya mafao, aliona kasoro kubwa zaidi.

"Binti, huyu mzimu anaingia ofisi ya umma hivihivi tu? Mbona hajasaini kitabu cha wageni?"

"Ni mzimu, baba."

"Sawa, lakini utaratibu ni utaratibu. Aandike jina, anakotoka, shida yake na anayemwona."

Eveline aliandika huku roho ikimuuma. Filamu yake ilikuwa imenyonyolewa kama kuku wa Krismasi. Tena kamati ikaweka kipimo: muhuri utatolewa iwapo mtazamaji mmoja ataogopa, na athibitishe kwa maandishi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Taa ikawaka, mlango ukafunguka kimya. Mzimu ukapiga hodi, ukaamkia, ukavuta kitabu na kuandika taratibu. Kamera ikasogea. Jina: Liberatus Kalinga, mwalimu mstaafu, marehemu. Anakotoka: makaburini, Igowole. Shida: kufuatilia faili la mafao, mwaka wa tisa. Eveline hakubuni chochote. Huyo alikuwa babu yake. Anayemwona: Mwenyekiti Sosthenes.

Watu walicheka kidogo, maana foleni hiyo wanaijua. Mmoja tu ndiye aliyepiga yowe, akapanda juu ya kiti na kuomba mlango wa ukumbi ufungwe.

"Faili lipo," alisema Mwenyekiti kutoka juu ya kiti. "Droo ya chini, chini ya magazeti. Mwambieni asije."

Wajumbe wakatazama dari. Eveline alimsogelea, akapiga goti kwa heshima, akamkabidhi kalamu na fomu ya uthibitisho wa hofu.

"Shikamoo, baba. Hapa jina lako," alisema. "Na hapa cheo."