Kuelea Kumesitishwa

Ilitangazwa rasmi, siku ya Jumatatu saa nne kamili asubuhi, kwa barua, kwa kipaza sauti na kwenye kundi la WhatsApp, kwamba kuelea kwa aina yoyote ndani ya bwawa la Chamgoi kumesitishwa hadi hapo kamati itakapobaini maana yake. Tangazo lilitolewa na Idara ya Makazi na Mengineyo. Bata waliokuwa bwawani siku hiyo hawakupata nakala.

Aliyeliandika ni Halidi Mkoba, Afisa Makazi Mwandamizi, mtu wa kamati tangu ujana wake. Aliwahi kuongoza kamati ya kuchunguza kwa nini kamati hazimalizi kazi, na uchunguzi huo ulikuwa bado unaendelea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kikazi: kitu kisicho na fomu alikiona kama kinamtukana yeye binafsi.

Kilichomtukana safari hii kilikuwa mali ya Bi Zuhura. Mama huyu, mjane wa miaka hamsini na nane, alikuwa na nyumba ya tofali kando ya bwawa, kule chini ya Mlali, mpaka idara ilipokuja na futi kamba ikamkuta yuko ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, mahali pasiporuhusiwa kukaa mtu. Nyumba ikavunjwa. Bi Zuhura akaisoma barua ya kuvunjiwa mara tatu, akaona inakataza kujenga kando ya maji, lakini juu ya maji haikusema kitu. Akavaa kanga mbili, akaingia kazini.

Msingi ulikuwa madumu mia mbili na kumi ya mafuta ya kupikia, yamefungwa pamoja kwa nyavu kuukuu. Kuta zilikuwa mabango ya kampeni, hivyo wagombea sita wa zamani, walioshinda na walioshindwa, walikuwa wakitabasamu chumbani kwake bila ugomvi wowote. Mlango ulikuwa kibao cha chuma kilichoandikwa MRADI HUU UMEKAMILIKA. Madirisha yalitoka kwenye basi lililokufa. Juu ya bati kulikuwa na sola ya mitumba na mfereji wa kukinga mvua. Barazani kulikuwa na mchicha kwenye madumu yaliyokatwa, kuku wanne, na nyuma kabisa choo kikavu ambacho, kwa majivu na pumba za mpunga kutoka Dakawa, kiligeuza kila kitu kuwa mbolea. Mama hakuomba maji, hakuomba umeme, hakuomba barabara. Hapo ndipo idara ilipoanza kupata wasiwasi.

Maana kitu hiki kilikuwa nini? Nyumba lazima iwe na namba ya kiwanja. Meli lazima iwe na bandari, na Morogoro bandari haijapangwa katika bajeti ya karibuni. Halidi akaumiza kichwa siku nzima, jioni akapata jibu: taka. Dumu ni dumu hata likiwekewa mlango. Jumanne akaandika ripoti ya kamati iliyothibitisha kwamba ni taka, akaagiza lori la kuzoa lifike Alhamisi saa kumi alasiri, kisha akapanga ukaguzi Alhamisi hiyohiyo saa nane mchana, ili ripoti isije ikapungukiwa na ukaguzi.

Jumatano alikwenda mwenyewe kupeleka zuio.

"Shikamoo mama," alisema kutoka ukingoni, kwani maji aliyaogopa.

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini leo?"

"Zuio, mama."

"Haya, asante. Karibu togwa."

"Niko kazini, mama. Hapa inasema kwamba kitu hiki kisisogezwe na mtu yeyote, kwa namna yoyote, bila kibali cha maandishi."

"Nimesikia. Hakitasogezwa."

Bi Zuhura aliikunja karatasi, akaisweka kwenye kifua cha kanga. Halidi aliondoka ameridhika, akiwa ameshiba togwa bakuli mbili, maana kukataa mara ya pili ni utovu wa adabu.

Alhamisi kamati ikawasili. Ilikuwa na wajumbe watatu: Halidi mwenyekiti, Janeth katibu, na Bwana Kishor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na madumu matupu mjini, aliyewakilisha sekta binafsi. Walivuka kwa ubao uliotoka ukingoni wakaingia ndani, Halidi akiwa ameshika mkono wa katibu kwa sababu za kiitifaki.

"Ujenzi mzuri," Bwana Kishor akasema, akigonga sakafu kwa kiatu. "Hizi dumu zimetoka dukani kwangu."

"Bwana Kishor, kamati inaziita taka."

"Basi mimi nauza taka miaka thelathini, na leseni mmenipa ninyi. Andika hivyo, Janeth."

Janeth aliandika. Kisha akasoma swali la tisa kwenye fomu: "Je, huelea kwa uwezo wake mwenyewe bila msaada?"

Halidi alitazama nje. Kitu kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye kigingi. "Kamba ni msaada," alisema. "Ifunguliwe."

"Mwanangu," alisema Bi Zuhura, "saa tisa hapa unashuka upepo wa mlimani. Na wewe mwenyewe umezuia kusogeza."

"Kufungua si kusogeza, mama. Ni vitendo viwili tofauti kabisa."

Kamba ikafunguliwa, na ubao ukaondolewa, kwa kuwa nao ulikuwa msaada. Kitu kikaelea. Janeth akaweka alama ya ndiyo. Saa tisa na dakika nne upepo ukateremka kutoka Uluguru, ukaichukua kamati nzima pamoja na kuku, ukaipeleka katikati ya bwawa.

"Mama!" Halidi alikuwa ameshika ukuta, mkono wake umeziba mdomo wa mgombea. "Turudishe!"

Bi Zuhura alikuwa na makafi mawili yaliyochongwa kutoka kwenye mbao za kitanda, yametundikwa mlangoni. Hakuyagusa. Alichukua ungo akaanza kuchambua mchicha. "Zuio limesema kisisogezwe na mtu yeyote, kwa namna yoyote. Upepo si mtu. Mimi ni mtu."

Halidi akapiga simu kituo cha uokoaji cha kanda.

"Barua yenu ninayo hapa mkononi," ilijibu sauti tulivu. "Mmesema haijulikani ni nini. Kikiwa nyumba, tunaleta ngazi. Kikiwa chombo cha majini, tunaleta boti. Tukileta boti halafu kikawa nyumba, nani atajibu hoja ya mkaguzi?"

"Leteni boti! Mimi ndiye niliyeandika hiyo barua!"

"Umeandika vizuri sana, mkuu. Imeeleweka."

Simu ikakatika. Mawimbi madogo yalipiga madumu. Halidi akakaa kwenye benchi, na alipoinama kujituliza akaona benchi lenyewe. Lilikuwa fremu ya mlango wa mninga, na ubavuni mwake kulikuwa na X nyekundu ya kuvunjiwa. Mkia wa X ile ulipinda kushoto kidogo. Aliujua mkono wake mwenyewe. Aliipaka mwaka jana, haraka, kwa sababu siku hiyo alikuwa anawahi kikao cha makazi bora, na hakukumbuka kama alimwamkia mwenye nyumba. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupasha masikio moto.

"Mama," alisema, "nikupe kibali."

"Nitashukuru."

Janeth akaandaa karatasi. "Naruhusu... kitu gani kisogezwe, mwenyekiti?"

"Andika taka."

"Kibali cha kusogeza taka anatoa afisa usafi," alisema Janeth.

"Chombo."

"Hicho hakina afisa mkoa huu."

Bi Zuhura aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Mwanangu, wewe ni afisa wa nini?"

"Makazi."

"Basi andika kitu ulicho na mamlaka nacho. Usijichoshe."

Halidi alitazama maji, akatazama kalamu. Miaka kumi na tisa alikuwa ametia saini mambo asiyoyaona. Hili alikuwa amelikalia. Akaandika kwa mkono wake: *Naruhusu nyumba ya Bi Zuhura binti Hafidhi, mkazi halali wa hapa, isogezwe na mwenyewe, popote na wakati wowote atakapotaka.* Akatia saini. Janeth akagonga muhuri, maana katibu mzuri hatembei bila muhuri. Bwana Kishor akatia saini kama shahidi, akaomba togwa.

Bi Zuhura aliisoma karatasi mara tatu, kama kawaida yake. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua makafi, na kwa nusu saa akawafikisha ukingoni.

Lori la taka lilikuwa limeshafika. Gari la idara lilikuwa limeshaondoka, kwa kufuata ratiba. Dereva wa lori, Innocent, alisimama na fomu yake.

"Bosi, taka ziko wapi?"

"Hakuna taka. Ile ni nyumba."

"Sasa bosi, mimi sirudi mtupu. Fomu inataka mzigo. Nikirudi mtupu mafuta naulizwa mimi."

Halidi aliangalia barabara ya kwenda mjini, ndefu na yenye vumbi. Akaangalia viatu vyake vilivyolowa. Akaipokea fomu, akaiweka juu ya goti, na penye aina ya taka akaandika: *Kamati*. Penye idadi akaandika: *Moja*. Kisha akamsaidia Janeth kupanda, akampa mkono Bwana Kishor apande, mwishowe yeye mwenyewe akapanda nyuma, juu ya magunia.