Droni ya Harusi Kwenye Ghala la Lumakanda

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku njema! Mama Roda, mwenyekiti wa ushirika wetu wa mahindi, ametangaza kwamba mtunza ghala atachaguliwa Jumamosi. Ghala lenyewe bado ni sakafu tupu, vyuma vinasubiriwa, lakini cheo ni cheo. Kina meza. Kina funguo!

Nitakuwa mimi. Lazima niwe mimi. Hapa nahesabu mifuko ya saruji tu, lakini kule kwetu Mayoni nimeshasema mimi ni meneja, na mama amewaambia wanawake wote wa msikitini. Siwezi kurudi nyuma.

Kikwazo ni kimoja: Philemon, karani wa magunia. Suruali yake ina pasi hata akiwa matopeni. Huja na chupa yake ya chai na hampi mtu.

Lakini nina wazo. Droni! Nimemwambia Mama Roda kwamba siku hizi ghala la maana halijengwi bila droni: inapima, inakagua, inalinda. Akauliza kama najua kuirusha. Nikasema nimesomea. Kweli nimewahi kuishika, harusini Mumias, kwa dakika moja hivi, kabla binamu yangu Swafia hajaninyang'anya.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeipata! Swafia hupiga picha za harusi na droni ndiyo ugali wake. Sharti lake: irudi Jumamosi jioni, ana harusi Butere Jumapili. Nilimwambia naitaka kwa mambo ya kitaalamu. Alinitazama sana.

Asubuhi hiyohiyo nikairusha saiti. Ikapanda! Inalia kama mzinga mzima wa nyuki! Kisha ikapita juu ya boma la Mama Roda. Kuku wakaona mwewe. Wanawake nao wakaona mwewe. Sufuria zikagongwa boma hadi boma, "Mwewe! Mwewe!", na bibi mmoja anayelalamikia mgongo kila siku akarusha bonge la udongo lililokosa kidogo tu. Mama Roda akafika saiti amefura. Alisema jogoo yuko chini ya kitanda na kuku wake hawatataga mpaka Krismasi. Akadai pia kuona kibali cha kurusha. Nikasema kiko njiani.

Nikamwonyesha picha. Akaisogelea. Sakafu yetu mpya kutoka juu! Pana, safi, jua kutwa, hakuna mti hata mmoja. Hakuuliza habari ya vipimo hata kidogo. Aliuliza kama mahindi yake, ambayo bado ni mabichi na hana turubai la kutosha, hayawezi kukaukia hapo.

Philemon alikuwa amesimama karibu. Kabla hajafungua mdomo nikasema: Mama, karibu! Uso wa Mama Roda ukalainika. Kura moja tayari mfukoni.

Jumatano, 5 Novemba

Injinia wetu, Winrose, ameenda Eldoret kukagua vyuma. Atarudi Jumamosi. Ameniachia mpira wa maji. Sakafu bado changa, alisema, inywe maji asubuhi na jioni, la sivyo itapasuka. Ikipasuka, wakaguzi hawatalipitisha ghala, na mavuno ya watu yatalala nje. Nikasema ndiyo, Injinia. Nikaongeza kwamba droni itamtumia picha kila jioni. Kwa nini niliongeza? Ulimi hauna mfupa.

Saa tatu Mama Roda alikuwa ameanika. Saa nne habari zilikuwa zimeenea, na wanachama wakaja na mikokoteni, kila mmoja akajipimia kipande chake. Sakafu yote manjano! Sasa, nani humwagia maji mahindi yanayokauka? Nimeukunja mpira, nimeuficha nyuma ya choo.

Wananiita Meneja! Nimepewa viazi vitamu. Nimeahidiwa ingokho, yaani kuku, tena nimchinje mwenyewe, kihalali, nile bila wasiwasi. Philemon amesema jambo hili litatuumbua. Nimemwambia wivu hauna dawa.

Alhamisi, 6 Novemba

Winrose anataka picha. Nilimtumia ya Jumanne. Akajibu: mbona kivuli cha choo ni cha asubuhi na sasa ni jioni? Mwanamke huyu ana macho!

Akili ikanijia. Nikasukuma mahindi ya kona moja, nikamwaga ndoo mbili, nikaishusha droni karibu kabisa. Kona ikang'aa kama kioo. Nikatuma. Akajibu: kazi nzuri, Abu. Nilicheza isukuti bila ngoma, peke yangu, katikati ya mahindi!

Kisha maji yakatiririka mpaka kwenye mahindi ya Mama Roda. Alisema maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Nimemtuliza. Nimemwambia jua la kesho litamaliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Mchana nimesali. Niliomba funguo. Nilimwombea pia Philemon apate kazi nzuri, mbali.

Jioni watu wamezoa mahindi yao yote, yamekauka vizuri, na nimefagia hadi punje ya mwisho. Nikainama nikaangalia. Hakuna kitu! Sakafu ni sakafu. Hata shetani hawezi kujua.

Kesho nitarusha droni mbele ya wanachama wote, na picha itaonekana papo hapo kwenye runinga kubwa ya Mama Roda, chini ya hema. Winrose atakuwepo. Nimeshapiga shati pasi. Si Philemon peke yake mwenye pasi.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu! Aibu tupu!

Ilianza vizuri. Hema, viti, maombi, Winrose mstari wa mbele. Droni ikapanda. Makofi! Picha ikatokea. Makofi yakafa.

Ukiwa chini huoni kitu. Ukiwa juu, ya Rabi! Kila palipoanikwa mahindi pamebaki peupe, na vijia vya katikati ni vyeusi kidogo. Sakafu nzima vipande vipande, na nyufa nyembamba zimeikata kila upande. Winrose akasimama. Akauliza, kwa sauti ya chini mno, ni nini kiliwekwa pale.

Kila mtu akaikodolea macho runinga. Ningeokoka! Wallahi, ningeokoka. Lakini hawa ni watu wa skimu. Babu zao waligawiwa mashamba kwa ramani, na mtu wa Lumakanda akiona ramani lazima atafute mpaka wake. Mzee Sylvanus akainuka, akaelekeza kidole kwenye runinga, akasema jirani yake Cheptoo amemwingilia hatua mbili. Cheptoo akasema huo ni uongo, kipande chake kinafika hadi upande wa choo. "Hapo ni kwangu!" "Kwako wapi? Wewe ulikujanga jioni, ukasukuma yangu!" Muda si muda wote walikuwa wamekiri, kwa kelele, huku wakidai haki zao.

Na kipande kikubwa kuliko vyote, pale katikati? Mama Roda alikitetea mwenyewe, kwa ngumi juu ya meza, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti. Halafu akakumbuka nani alimkaribisha. Vichwa vyote vikanigeukia.

Nikasahau rimoti mkononi. Droni ikateremka taratibu, kwa heshima, ndani ya pipa la uji wa mkutano.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Funguo kwa Philemon. Alizipokea kwa mikono miwili, kisha akanimiminia chai kutoka kwenye ile chupa yake. Hapo ndipo nilipoumia kabisa. Jioni mama amepiga simu kuuliza funguo ni ngapi. Nimesema nyingi. Nimelia kidogo baada ya kukata simu.

Winrose anasema sakafu bado inaweza kupona. Nyufa zizibwe, matuta ya udongo yajengwe pembeni, maji yasimame juu yake wiki tatu bila kukauka. Mchota maji ni mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Jana usiku Swafia alinusa droni, akaonja, akanifukuza. Harusi ya Butere imepigwa picha kutoka juu ya ngazi.

Nimechota maji tangu alfajiri. Mgongo! Mikono! Lakini mchana nilisimama nikatazama, na moyo ukaruka. Sakafu nzima imekuwa ziwa! Maji yanafika kwenye vifundo. Na nani msimamizi wake? Mimi. Philemon ana funguo za ghala ambalo halina mlango. Mimi nina ghala lenyewe! Nimempigia mama, nimemwambia nimepandishwa cheo, niko upande wa maji. Amefurahi sana.

Winrose amekuja kuniapisha. Nisikubali mtu aanike chochote hapa tena. Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini samaki hai haanikwi! Maji safi, jua la kutosha, wiki tatu nzima. Nimeshaongea na mtu wa Butere mwenye vifaranga vya kambale, analeta kesho. Ni siri kubwa. Mama Roda tu ndiye anayejua, na amekuja kimyakimya kuuliza kama pale katikati bado ni kwake.