Wimbo wa Magunia Mbele ya Kamati

Jamani, leo nimepatikana. Nawaandikia nyinyi tuliosoma pamoja kabla hamjaisikia habari hii sokoni, maana huko itakuwa imeshatiwa chumvi, na haihitaji.

Mnajua wilaya yetu imepewa nafasi moja tu ya chuo kikuu kule Kampala mwaka huu. Moja! Tukaitwa wawili, mimi na Zakayo. Mimi nina daraja la kwanza, na kwenye hesabu niliongoza. Zakayo ana daraja la tatu, lakini ni kapteni wa mpira, anapiga ngoma ya skauti, na ana meno mazuri. Nikajiambia, hapa kuna mashindano gani? Jana nililala fofofo. (Mjinga mimi.)

Asubuhi nikafika kwenye ukumbi wa kanisa hapa Eldoret. Nje kulikuwa na vibarua wanafyeka nyasi, na mmoja wao ni baba yangu. Bwana wake, Kaburu mwenye shamba la ngano upande wa Cheptiret, yumo kwenye kamati, na alikuwa amewaleta kwa lori wasafishe uwanja. Baba aliomba mwenyewe kuja, ili awe karibu nami. Akaniinulia fyekeo kwa salamu. Nikajiona mtu mkubwa.

Ndani walikuwa watatu: afisa wa elimu, mmisionari mmoja mzee, na huyo Bwana. Zakayo ndiye aliyetangulia. Mimi nikabaki mlangoni nasikiliza. Wakamwuliza habari za goli alilofunga mwaka jana. Wakacheka. Akasimama kuwaonyesha jinsi alivyopiga, nikasikia kiti kinaanguka, wakacheka zaidi. Hesabu? Hawakumwuliza hata mbili na mbili.

Zamu yangu ikafika. Cheti changu kilikuwa mezani, kimekunjwa, na juu yake Bwana ameweka kofia. Afisa akaniuliza nje ya darasa nafanya nini. Nikasema nasoma. Na nikimaliza kusoma? Nasoma kingine. Akashusha pumzi, akanieleza kwa upole wa kuudhi kwamba alama si kila kitu. Chuo hakitaki vichwa vya kukariri, kinataka mtu kamili, wa michezo, anayejua kuwaongoza wenzake. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Likizo zote nabeba magunia ya ngano pamoja na baba ili nisome. Mpira ningecheza saa ngapi? Lakini sikusema kitu, maana magunia yenyewe ni ya yule Bwana aliyekaa mbele yangu.

Mmisionari akataka kuniokoa. Akasema anadhani amewahi kuniona kwenye kwaya. Ni kweli, nimo. (Mwalimu wa kwaya alinipanga mstari wa nyuma akaniomba niwe nafungua mdomo bila kutoa sauti.) Nikajibu ndiyo, naimba besi. Uongo wenyewe nilioutegemea maishani ni huo mmoja, na haukunifikisha hata jioni.

Bwana, aliyekuwa karibu kusinzia, akaamka.

"Basi imba," akasema kwa kile Kiswahili chao. "Kitu ya nyumbani. Hapana ya kanisa."

Nyimbo zote zikanitoka kichwani. Ukabaki mmoja tu, ule wa kupakia magunia. Nikapiga hesabu (hizo naziweza): mistari ya mwanzo haina ubaya. Nitaimba miwili, nitanyamaza, nitainamisha kichwa kwa heshima. Nikafungua mdomo.

"Ngano hii nani ameilima?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka uwanjani wanaume wote wakajibu kwa pamoja: "Ni sisi!"

Nilishtuka nusura nikae chini. Nikaendelea, nani ameivuna, wakajibu ni sisi, na mafyekeo yakaanza kwenda pamoja. Mmisionari akatabasamu. Hata Bwana alikuwa anatikisa mguu. Nikaona nimefaulu! Nikanyamaza, nikainamisha kichwa.

Sasa nyinyi mliowahi kubeba magunia mnajua nilichosahau. Wimbo ule hauachwi njiani. Mtu akiwa juu ya ubao wa kupandia behewa, gunia mgongoni, mdundo ukikatika anaanguka. Kwa hiyo anayeanzisha akiishiwa, mwingine lazima audake hapo hapo. Na sauti iliyoudaka naijua tangu nizaliwe.

"Tumbo limefika Eldoret," akaimba baba.

"Bwana yuko Cheptiret!" wakaitikia wote.

Niliwaombea mvua ije. Haikuja. Baba akaenda ubeti kwa ubeti. Tumbo limekula, Bwana analia njaa. Tumbo limepanda lori, Bwana hana pa kukaa. Nyingine sikuwahi hata kuzisikia, nadhani alizitunga wiki hii. Afisa wa elimu aliiuma kalamu yake mpaka machozi yakamtoka. Mmisionari alikuwa anasoma meza.

Bwana akanigeukia. "Hiyo Bwana ya tumbo ni nani?"

"Ni mtu wa zamani," nikasema. "Alishakufa."

Akainuka, akaenda dirishani. Tumbo likafika kwanza. Wimbo ukakatika ghafla (na hakuna aliyeanguka), na aliyeuongoza hakujulikana, kwa kuwa kila kibarua alikuwa ameinamia nyasi kwa bidii ambayo Bwana hajawahi kuiona.

Nikaambiwa inatosha. Nafasi wakampa Zakayo pale pale. Afisa akanifafanulia sababu: mimi sina moyo wa kuongoza wenzangu. Ndugu zangu, nilitamani kuipindua ile meza. Niliinua sauti mara moja tu na uwanja mzima ukaniitikia. Zakayo aliangusha kiti! Na cheti changu hakuna aliyekifungua, hata kwa kuona haya. Nilikichomoa mwenyewe chini ya kofia, nikatoka bila kuaga.

Jioni baba akanikuta nimekaa kando ya barabara, bado nachemka. Akakaa karibu nami, akafuta fyekeo kwenye majani.

"Nilisikia umekwama," akasema. "Sasa ningekuacha namna gani, na mzigo uko mgongoni? Wimbo waliupenda?"

Leo nina hasira na Eldoret nzima. Na kamati, na mpira, na skauti, na meno ya Zakayo. Lakini kwa yule mzee zilinikauka. Nikamwambia waliusikia vizuri sana.

Basi chekeni, najua hamtajizuia, ila mkipita kwetu mfunge midomo: Mzee ameshapeleka koti lake la kanisani kwa fundi, likapunguzwe nikalivae Kampala.