Kitindamimba wa Idara ya Kamera

Jumatatu, 6 Februari

Tumefika Jeongseon, milimani, mbali na Seoul. Baridi ya kukata masikio. Nimepandisha masanduku kumi na moja ya lenzi hadi nyumba ya kilimani tutakayopigia filamu. Peke yangu! Miaka thelathini na saba ninayo. Idara ya kamera ina watu wanne na mimi ndiye kitindamimba wao. Nachaji betri, napangusa theluji kwenye miguu ya kamera, nawakorogea watu kahawa ya pakiti.

Mpiga picha mkuu ni Hyeon Mu-gil. Chuoni alikuwa nyuma yangu miaka miwili. Nani alimfundisha kufunga lenzi isianguke? Mimi. Nani alimnunulia tambi siku hana kitu? Mimi. Enzi hizo nilikuwa Kaka Deok-su. Leo mimi namwita Mkuu na kumwinamia mpaka kiuno, naye ananiitikia kwa kidevu.

Lakini kuna habari. Mshika fokasi wetu kaoa na kuhamia kisiwani Jeju. Fokasi ndiyo kazi ya kuzungusha gurudumu la lenzi ili uso wa mwigizaji usigeuke ukungu. Ukishaishika hiyo, hatua inayofuata ni kushika kamera yenyewe. Kwa sasa kapewa Maeng Chae-rin, msichana wa miaka ishirini na sita! Mkuu kasema ni kwa muda, ataamua Jumapili nani abaki nayo.

Nafasi ni yangu. Miaka kumi na minne nimeisubiri. Nikiikosa na hii, nitazeeka nabeba masanduku.

Jumanne, 7 Februari

Leo tambiko la kufungua kazi. Meza, matunda, udi, na katikati kichwa cha nguruwe kilichochemshwa. Watu wanapiga magoti kwa vyeo vyao, wanaomba pasitokee ajali. Sharti kichwa kiwe kinatabasamu. Asipotabasamu nguruwe, kazi haitanyooka.

Nilijitolea kwenda kukinunua. Mkuu aone nani anajituma wengine wakiwa wamelala.

Sokoni vilibaki viwili. Kimoja hakina sikio. Cha pili kimenuna kama mkaguzi wa kodi. Mama muuzaji akaniambia chukua huyo huyo mwanangu, ukimtazama kwa ubavuni anacheka. Nikamtazama ubavuni, nikamtazama kwa juu. Hacheki ng'o! Basi nikampachika vijiti vya kuchokolea meno ndani ya mashavu, kwa siri, nyuma ya gari. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Nikajisifu.

Muongozaji wa filamu akapiga magoti, akainuka, akaingiza bahasha ya sadaka mdomoni mwa nguruwe. Vijiti vikafyatuka. Kimoja kikatua kwenye nywele za muongozaji mwenyewe. Mdomo ukafunga, pap, juu ya vidole vyake.

Watu arobaini, wote wanatazama vidole vile. Ndipo Chae-rin akacheka na kusema jamani, babu ana njaa huyu, akipokea sadaka kwa nguvu hivi basi baraka zake tutazibeba kwa lori. Muongozaji akacheka. Wote wakacheka. Mkuu akampigia makofi.

Kichwa nimenunua mimi. Makofi kachukua yeye. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 8 Februari

Chae-rin kanifuata wakati wa chakula na bakuli lake la supu. Eti kaka, nikitaka tutafanya mazoezi pamoja jioni. Eti siri ya fokasi si futi wala alama za sakafuni. Nimtazame mtu. Kabla hajapiga hatua, mtu huvuta pumzi, na bega lake husema anakwenda wapi. Ukiliona bega, mkono wako unajua.

Bega! Mimi napima kwa futi tangu yeye anasoma shule ya msingi, halafu aniambie habari za mabega. Nikamjibu ahsante sana, nina betri za kuchaji. Ni wazi kuna siri halisi anayonificha.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Mwalimu Geum, mwigizaji wetu wa miaka themanini na moja, anacheza mama anayeletewa habari kuwa mwanawe kapatikana mtoni, amekufa. Anatoka mlangoni, anasimama mara tatu, anafika jikoni, analia. Kamwambia muongozaji waziwazi: mwanangu, macho yangu yamezeeka, machozi ninayo ya mara moja tu. Baada ya hapo sina. Na keshokutwa anarudi zake hospitalini Wonju, kaombewa ruhusa ya siku mbili.

Kwa hiyo mara moja tu. Akikosea Chae-rin hapo, kwisha habari yake.

Nalala na wazo zuri sana.

Alhamisi, 9 Februari

Saa moja asubuhi, wote wako kwenye gari la chakula. Nikavua viatu, nikaingia. Sakafuni kuna alama tatu za selotepu nyekundu, anaposimama Mwalimu Geum. Umbali wa kila alama hadi kamera umepimwa na kuandikwa kwa penseli kwenye gurudumu la lenzi. Nikazibandua, nikazisogeza shibiri moja. Nyingine mbele, nyingine nyuma, ili isionekane mpango. Nikarudi kula wali wangu kwa raha zote.

Mazoezi yakaanza. Mwalimu Geum akatembea, akasimama juu ya alama zangu. Nikakodolea macho kioo cha muongozaji kinachoonyesha picha ya kamera. Picha safi! Kope unazihesabu! Chae-rin hajaangalia penseli hata kidogo, macho yake yote yako begani kwa bibi yule. Mchawi.

Nikawa nawaza jingine, mara Mkuu akaniita. Akasema Chae-rin kamwomba jambo tangu jana: Kaka Deok-su amesubiri miaka mingi, tukio hili ashike fokasi yeye. Alama ziko tayari, afuate penseli tu. Basi, akasema Mkuu, shika. Jumapili nitajua la kufanya.

Nikasema hapana Mkuu, sistahili.

Waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Bila shaka! Mtu mwenye malezi hukataa kwanza.

Nikasema tena hapana, nawasihi, mikono yangu ina baridi, mpeni Chae-rin. Wakapendezwa zaidi. Mara ya tatu nilikuwa nakaribia kulia. Muongozaji akawaambia wenzake tazameni, adabu kama hii siku hizi mtaipata wapi? Mtu wa taa akapiga makofi. Chae-rin akanishika mkono na kuuweka kwenye gurudumu. Akaninong'oneza, kaka, utaweza.

Alama ya kwanza niliisogeza mbele au nyuma? Na ya pili je?

Mwalimu Geum akaingia. Sijawahi kuona kilio kile. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa jiko kama mtu anayeshika bega la mwanawe, na machozi yakaja yenyewe. Watu wa taa waliinamisha nyuso. Mimi nazungusha mbele. Narudisha. Nazungusha tena.

Tulipoangalia kioo: ukuta wa nyuma uko wazi kabisa. Kila ufa, kila msumari. Mbele yake kuna ukungu mweupe unaotetemeka.

Mwalimu Geum akauliza kwa upole kama imepatikana. Watu wa taa wakaanza kukunja nyaya. Akajifuta, akasema haya basi, akaomba aletewe viatu vyake.

Ijumaa, 10 Februari

Mwalimu Geum kaondoka alfajiri. Mkuu akapiga magoti sakafuni na futi, akapima alama moja moja. Akanyanyuka, uso umemwiva. Akauliza nani kasimamia alama hizi.

Nikaangalia soksi zangu.

Chae-rin akainama akasema ni yeye, Mkuu, hakuzikagua, kosa ni lake. Akaambiwa afungashe. Basi la Seoul ni saa sita.

Alinikuta kwenye betri. Akasema bila hasira: kaka, jana tulipokuwa tunavaa viatu, soksi yako ilikuwa na kipande cha selotepu nyekundu. Nikaanza kusema sijui nini. Akanikatiza. Akasema aliyemfundisha kazi alimwambia wa juu hujibu kwa ajili ya wa chini yake, basi amejibu. Kisha akasema, ila mtazame mtu, kaka. Hata mara moja tu. Akabeba begi lake akashuka kilima.

Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nimeumia. Nimejisikia mtu wa hovyo kabisa. Supu imenishinda.

Jumamosi, 11 Februari

Nimelala vizuri, akili imetulia. Hebu tufikiri kiutu uzima. Alijua ni mimi. Kwa nini hakusema? Mtu mwema angesema! Kanyamaza ili aonekane shujaa, na mimi nibaki na deni la moyoni maisha yangu yote. Hila za hali ya juu. Na wazo la kunipa gurudumu lilikuwa la nani? Lake. Ukitazama vizuri, kaniponza yeye.

Halafu jambo kubwa zaidi: nafasi iko wazi! Mkuu kabandika tangazo kwenye gari la chakula. Anatafuta mshika fokasi, mwenye nia aandike barua, na amtaje mtu mmoja aliyefanya naye kazi, anayeijua tabia yake kwa undani, ili apigiwe simu.

Nimeiandika mara tatu, mwandiko umetulia. Nimetaja miaka kumi na minne. Nimetaja kwamba tukio gumu kuliko yote la filamu hii nililishika mimi. Nimetaja unyenyekevu wangu, ambao muongozaji mwenyewe aliushuhudia.

Kwenye jina la mtu wa kupigiwa nilikwama kidogo. Tangu Alhamisi idara nzima hainisalimii. Mwisho nikaandika Maeng Chae-rin, na namba yake ya simu. Atanisemea vizuri. Yule msichana hawezi kumsema mtu vibaya.