Koleo la Baba na Nafasi Yangu Thornbury

Jumatatu, 6 Novemba

Barua pepe imefika! Chuo cha Thornbury kitanihoji Jumamosi, maktaba ya mji, saa nne asubuhi. Mhoji ni mhitimu wao wa zamani, Dokta Lindgren, daktari wa kunyoosha meno mwenye kliniki karibu na bandari. Corinne Sobczak wa darasani kwetu kaitwa saa tatu. Corinne anafuga nyuki. Thornbury haijawahi kuchukua wawili kutoka shule yetu. Basi ni mimi au nyuki.

Mama kashauri nijizoeze kujibu maswali mbele ya kioo. Ushauri wa watu wasio na mbinu.

Jumanne, 7 Novemba

Wazo! Si nina vyuma vya meno? Kimoja kikibanduka, naingia kwa Lindgren kama mgonjwa, tunazoeana mapema. Nimetumia koleo la Baba. Vimebanduka vitatu. Uuuwi!

Nimepiga simu kliniki. Nimesema nilikuwa natafuna bisi, na daktari wangu, Dokta Pruitt, kasafiri. Wamenipa kesho saa kumi jioni.

Jumatano, 8 Novemba

Dakika hamsini kitini, mdomo wazi. Lindgren ni msemaji kweli! Akauliza nasoma wapi. Aaa. Napenda nini maishani. Aaa-aa. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu uongozi. Yote imeishia kwenye mrija wa kufyonza mate.

Kisha akampigia Pruitt kuulizia faili langu. Pruitt akapokea mlio wa kwanza. Lindgren akanitazama, akasema taratibu kwamba bisi za siku hizi ni kali, zinaacha hadi alama za koleo. Mrija alishautoa. Nikasema aaa.

Jumamosi, 11 Novemba

Corinne alitoka anacheka, Lindgren naye anacheka. Roho iliniuma kuliko meno.

Swali langu la kwanza: nisimulie siku niliyokosea nikakiri. Nikasimulia kuhusu rafiki yangu mmoja aliyebandua vyuma vyake kwa koleo, nami nikamsihi akiri. Lindgren akauliza rafiki huyo anaendeleaje. Nikasema anaumwa ufizi lakini ana sifa za uongozi. Akaandika, akaandika. Dalili njema!

Ijumaa, 15 Desemba

Corinne kachukuliwa. Mimi hapana. Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia nisisikike. Thornbury niliitaka tangu nikiwa na miaka kumi.

Mama alinisikia hata hivyo. Kanikumbatia, kaniambia Wendell mwanangu, huu ujanja wako ndio unaokuponza, siku nyingine nenda tu kama ulivyo, unatosha. Yameniingia. Nimemwahidi.

Tena nimepata barua nyingine: Chuo cha Eastlake kitanihoji Januari. Mhitimu wao hapa Duluth ni daktari wa migongo. Nimemwambia Baba friji letu la zamani lililo chini nitalipandisha ngazi mwenyewe, asinisaidie.